Mwana wa Chifu wa Butiama

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi vijana mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi,

Kila tunapokutana jina la Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, halikosi kutajwa. Hata hivyo, tukianza kuzungumza habari za asili yake, hatukubaliani. Wako wanaosema kwamba alikuwa mwana wa mfalme, na kwamba uongozi ulikuwa katika damu yake. Wako wengine wanaosema kwamba alikuwa mtoto wa kijijini tu, aliyechunga mifugo kama mtoto mwingine yeyote. Kila upande umeshika kipande cha ukweli. Nimeombwa niandike juu ya mzee huyu katika jarida letu, nami nimeona afadhali nieleze nasaba yake ilikuwa nini hasa, ilimpa nini, na yeye aliifanyia nini alipokuwa mtu mzima. Ninayo sababu ya kuleta habari hizi mwaka huu, nayo nitaitaja mwishoni.

UKOO WA MWITONGO

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, mahali paitwapo Mwitongo katika kijiji cha Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, katika wilaya iliyokuwa ikiitwa Musoma. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake alikuwa Mgaya wa Nyang'ombe. Siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, na mtoto akapewa jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Jina la Nyerere nalo lina historia yake. Katika Kizanaki maana yake ni viwavi. Mzee Nyerere alizaliwa yapata mwaka 1860, wakati viwavi walipoivamia nchi na kula mazao, ndipo akaitwa hivyo. Basi jina ambalo baadaye lilikuja kutajwa katika mikutano ya mataifa yote lilianza kama kumbukumbu ya mwaka wa njaa.

Hapana budi tuelewe uchifu huo ulikuwa wa namna gani. Wazanaki ni kabila dogo, mojawapo katika makabila madogo kabisa ya nchi yetu yenye makabila zaidi ya 120. Ni wakulima na wafugaji. Hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote, bali nchi yao iligawanyika katika sehemu nane, na kabla ya wageni kuja, mambo ya watu yaliamuliwa zaidi na wazee wa rika pamoja na wajuzi wa mvua. Wajerumani walipotaka mtu mmoja wa kumwamuru na kumdai kodi, waliteua machifu. Mzee Nyerere Burito aliwekwa katika kiti hicho mwaka 1915, na Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walimwacha aendelee. Kwa hiyo siku aliyozaliwa Kambarage, baba yake alikuwa amekikalia kiti hicho kwa miaka saba tu.

Sisi wa huku Njombe tunaweza kupima jambo hilo vizuri, kwa sababu tumekulia karibu na tawala za jadi zilizokuwa na nguvu ya namna nyingine. Jirani zetu Wahehe walikuwa na Mtwa Mkwawa, ambaye aliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, na ambaye mwaka 1898 alijiua kuliko kukamatwa akiwa hai. Wabena nao, mwezi Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu kabisa na hapa Njombe mjini. Ukilinganisha na historia hiyo, nyumba ya Butiama ilikuwa nyumba ndogo. Haikuwa na majeshi wala hazina. Ilikuwa na zizi la ng'ombe na msonge wa mzee, na kuuzunguka msonge huo nyumba za wake zake.

Wake hao walikuwa 22, na Mgaya alikuwa wa tano. Mtoto wake alikua kama walivyokua watoto wa Wazanaki wote: alichunga, alilima, alikula alichokula mwenzake. Tofauti yake na watoto wengine wa Butiama ilikuwa kwamba aliweza kukaa karibu na baba yake wakati wazee walipokuja kutoa mashauri. Aliyasikia mashauri hayo, akaona jinsi wazee wanavyozungumza jambo mpaka wakubaliane. Vilevile alijifunza kucheza bao, mchezo ambao hakuuacha mpaka uzeeni.

MLANGO WA SHULE

Jambo kubwa ambalo uchifu ulimpa Kambarage lilikuwa shule. Hilo ndilo ningependa vijana walishike, maana ndilo lililozaa mengine yote.

Mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, Waingereza walitunga sheria ya kutawala kwa kupitia wenyeji. Machifu wakawa mkono wa serikali katika kodi, mahakama na kazi za barabara. Serikali ilitaka machifu wa kesho wajue kusoma na kuandika, kwa hiyo ikajenga shule chache zilizowatanguliza watoto wao. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa kusudi hilo. Huku kwetu ilikuwako Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 chini ya Bwana Mumford. Vijana wa Kihehe, Kibena na Kisangu waliishi pale katika nyumba zilizofuata desturi za makabila yao, ili, kwa mawazo ya wakubwa wa siku hizo, elimu isiwatenge na utawala wa wazee wao. Mtoto wa mtu wa kawaida kutoka Lupembe au Wanging'ombe hakuandaliwa mengi. Njia iliyokuwa wazi kwa kaka zake na baba zake wadogo ilikuwa ni kuandikishwa manamba na kwenda kukata mkonge Tanga au Morogoro. Baadaye, kuanzia mwaka 1949, ilikuwako pia kazi ya kubandua magome ya miwati katika mashamba ya Kibena.

Kambarage alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Shule hiyo ilikuwa karibu maili 26 kutoka nyumbani, na wanafunzi walilala bwenini. Alianza akiwa mkubwa kuliko watoto wa siku hizi wanaoanza darasa la kwanza, lakini masomo ya miaka minne aliyamaliza kwa miaka mitatu. Mwaka 1937 akaingia Tabora.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Akili yake ilikuwa yake mwenyewe, hakuna anayebisha. Alifaulu mitihani kwa jasho lake. Lakini kabla ya mtihani kulikuwa na mlango, na mlango huo ulifunguliwa kwa sababu baba yake alikuwa chifu. Katika Butiama ya mwaka 1934 walikuwako watoto wengine wenye akili, ambao baba zao hawakuwa na kiti. Hao walibaki na mbuzi. Mwalimu alilijua jambo hilo maisha yake yote, na matendo yake yanaonyesha kwamba hakulisahau.

MAKERERE, EDINBURGH NA PUGU

Mzee Nyerere Burito alifariki mwaka 1942, kijana wake akiwa anamaliza Tabora. Uchifu ulimwendea ndugu wa ukoo, Edward Wanzagi, na Kambarage akaendelea na masomo. Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na mwezi Desemba mwaka huo alibatizwa katika Kanisa Katoliki kwa jina la Julius. Huko Makerere aliandika insha iliyopata tuzo, ambamo alichukua mawazo ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill juu ya haki za wanawake, akayatumia kuipima hali ya wanawake wa Kizanaki. Tukumbuke kwamba aliyeandika alikuwa mtoto wa mke wa tano kati ya wake 22. Heshima aliyokuwa nayo kwa nyumba ya baba yake haikumzuia kuichunguza. Ni huko pia ambako yeye na wenzake, akina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Watanganyika, ambacho baadaye kiliingia katika chama cha TAA.

Alipohitimu alifundisha biolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kuanzia mwaka 1946. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1952 akiwa na shahada. Watanganyika waliokuwa na shahada ya chuo kikuu wakati huo walihesabika kwa vidole. Tarehe 24 Januari 1953 alifunga ndoa na Bibi Maria Gabriel Magige, kisha akaanza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Ni kazi hiyo iliyompa jina la Mwalimu, jina alilolipenda kuliko cheo chochote alichopata kushika.

TANU NA VITI VYA MACHIFU

Mwezi Aprili 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa kuwa TANU, chama cha siasa hasa, na waasisi wake walikuwa 17. Siku chache tu kabla ya hapo, tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alikuwa amekuja Kalenga, karibu na Iringa, kumkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani. Mambo hayo mawili yalitokea katika muda usiozidi majuma matatu, moja mbele ya umati wa Wahehe na maofisa wenye mavazi rasmi, jingine katika nyumba ya chama pale Dar es Salaam. Gavana alitumaini kwamba heshima ya machifu ingekuwa ngome ya serikali yake dhidi ya vijana wa siasa.

Mapema mwaka 1955 Mwalimu alisafiri hadi New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague kati ya mshahara wa ualimu na kazi ya chama. Aliacha ualimu, akarudi na familia yake nyumbani Musoma, na kwa muda akajipatia riziki kwa kuwafundisha Kizanaki mapadre wa Maryknoll. Mtu mwenye shahada kutoka Uingereza, aliyezaliwa nyumbani kwa chifu, alikuwa anaishi kwa kazi ya kufundisha lugha ya kijijini kwao. Baadaye alirudi Dar es Salaam, na chama kikasambaa wilaya hadi wilaya.

Mwaka 1957 Twining aliwakusanya machifu wa nchi nzima katika baraza lao. Hatari ilikuwako. Kama machifu wangekubali kusimama upande mmoja na chama upande mwingine, Tanganyika ingeweza kuufikia uhuru ikiwa vipande. Mwalimu hakuwatukana machifu. Alikuwa amesoma na baadhi yao, na alijua lugha yao kwa sababu alikulia katika nyumba ya mmojawapo. Abdallah Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, alikuwa amepita Tabora na Makerere kama yeye. Hapa nasaba yake ilimsaidia tena: machifu hawakuweza kumdharau kuwa ni mtu wa mjini asiye na kwao. Kabla ya uhuru wengi wao walikuwa wamekwisha kuiunga mkono TANU.

Mwaka 1958 ulikuwa mgumu. Mwezi Januari, katika mkutano wa TANU mjini Tabora, aliwashawishi wenzake waingie katika uchaguzi wa kura tatu, ingawa wengi waliuona kuwa wa dhuluma. Mwaka huohuo alishitakiwa kwa makala iliyowashutumu maofisa wawili wa serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa faini, kazi ikaendelea. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, naye akiwa Waziri Mkuu mwenye umri wa miaka 39.

MWAKA 1963

Mwezi Januari 1962, ikiwa ni majuma sita tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukiimarisha chama mikoani. Mwezi Novemba alichaguliwa kuwa Rais kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura, na tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa Jamhuri.

Mwaka uliofuata, 1963, sheria ya kikoloni iliyowapa machifu mamlaka ya serikali ilifutwa. Kuanzia hapo hakuna Mtanzania wa bara aliyeweza kuwatawala watu wengine, kuwatoza kodi au kuwahukumu kwa sababu tu ya kuzaliwa katika nyumba fulani. Sheria hiyo haikumbagua mtu. Iliondoa viti vya Wachaga, Wanyamwezi, Wahaya, Wahehe na Wabena, na iliondoa kiti cha Butiama alichokikalia ndugu yake mwenyewe, Wanzagi.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huyu mwana wa chifu alikataa vyote viwili. Ajabu ni kwamba mwaka huohuo wa 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, habari ya mtu mkubwa aliyeuawa na wenzake walioogopa kwamba angejifanya mfalme. Vijana wanaosoma fasihi watafanya vizuri wakiitafuta.

Machifu kama watu hawakutupwa. Aliyekuwa na uwezo alipewa kazi kwa uwezo wake. Fundikira alikuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya kwanza ya uhuru. Adam Sapi Mkwawa, aliyepokea fuvu pale Kalenga, akawa Spika wa Bunge mwaka 1962, na ukiondoa miaka miwili kati ya 1973 na 1975, alikalia kiti hicho mpaka 1994. Alikikalia kwa kuchaguliwa na wabunge.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba kitu kilipotea. Chifu mwema alikuwa hakimu wa karibu, mjuzi wa mipaka ya mashamba na mlinzi wa misitu ya matambiko. Watumishi wa serikali waliokuja badala yake walikuwa wageni wanaohamishwa kila baada ya miaka michache, nami nasema hivyo nikiwa mtumishi wa serikali. Mara nyingi tumemaliza miezi mingi juu ya shauri la shamba ambalo wazee wangelimaliza kwa siku moja. Hata hivyo, mtumishi mbaya anaweza kushitakiwa na kuhamishwa. Chifu mbaya alikuwa mzigo wa maisha.

MLANGO KUFUNGULIWA KWA WOTE

Kufuta uchifu kungekuwa kazi nusu kama shule zingebaki za wachache. Uhuru ulipopatikana wanafunzi wote wa sekondari Tanganyika nzima walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Kufikia mwaka 1967 wa sekondari walikuwa yapata 25,000, na wa kidato cha sita 830. Shule zilizotengwa kwa rangi za watu ziliunganishwa. Ada ya sekondari iliondolewa katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwezi Machi 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, akidai kwamba msomi asijione amepanda juu ya waliomlipia. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwaka 1974 iliamua watoto wote waingie shule ya msingi, na mwaka 1977 azma hiyo ikaanza kutimizwa nchini kote.

Wanafunzi wa mabweni walipangwa shule za mbali na kwao. Ndiyo sababu katika mabweni ya Njombe baridi ya mwezi Juni iliwatetemesha pamoja mtoto wa Bukoba, mtoto wa Mtwara na mtoto wa Mdandu, wala hakuna aliyeulizwa babu yake alikuwa nani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi 1976, ilipita Makambako, baada ya kupenya milima na mahandaki kutoka Mlimba. Wengi waliotutangulia walishuka stesheni hiyo na masanduku yao ya bati, wakapanda gari la kuja huku. Watoto wa waliokuwa manamba wakawa madaktari, wahandisi na walimu. Tazameni orodha ya majina katika jarida hili, mjiulize ni wangapi kati yetu wangepata nafasi Malangali mwaka 1928.

Sitaki vijana wadhani kwamba hakukosea. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila mashitaka ilipitishwa mwaka 1962, na ilitumiwa. Baada ya mwaka 1973 watu walihamishiwa katika vijiji, na katika sehemu nyingi walihamishwa kwa nguvu. Wazee wa Mkoa wa Iringa wa zamani, ambamo Njombe ilikuwamo mpaka tulipopata mkoa wetu mwaka 2012, wanayakumbuka mashamba na nyumba walizoziacha. Elimu kwa wote ilianza na walimu wachache wasiofunzwa vya kutosha. Vita dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, ilikuwa ya haki, lakini iliacha hazina tupu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni na sukari vilipangiwa foleni. Mwalimu mwenyewe alizoea kuyakiri makosa ya serikali yake hadharani.

Lakini katika jambo moja hakutetereka. Cheo hakukigeuza kuwa mali ya nyumba yake. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa kuwa aliona kweli kwamba viongozi walikuwa wanalipwa mno. Masharti ya uongozi ya mwaka 1967 yaliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, naye aliyafuata. Mwezi Novemba 1985 alimwachia urais Ali Hassan Mwinyi, mtu wa Zanzibar asiye na udugu naye wa damu.

KURUDI MWITONGO

Aling'atuka, akarudi Butiama kulima. Mama yake, Bi Mgaya, aliishi kuyaona yote hayo, akafariki mwaka 1997. Mwalimu alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi alipougua saratani ya damu. Alifariki katika hospitali ya St Thomas', London, tarehe 14 Oktoba 1999. Sisi wa rika langu tulikuwa madarasani siku hiyo, na hakuna aliyeisahau. Alizikwa Mwitongo tarehe 23 Oktoba, katika boma walimolala baba yake na mama yake. Safari ya maisha iliyoanza nyumbani kwa chifu iliishia palepale, na kiti hakikuwako tena.

Sasa nitaje sababu niliyoiahidi. Katika mkutano wetu wa mwaka huu tutajadili mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wasiojiweza. Ada ya sekondari katika shule za serikali iliondolewa tena mwaka 2016, lakini sare, nauli, godoro na daftari bado vinawashinda wazazi wengi. Liko pendekezo kwamba watoto wa wanafunzi wa zamani wapewe nafasi ya kwanza, kwa kuwa ni watoto wa nyumba hii. Waliolileta ni ndugu zangu, na nia yao ni njema: wanataka tupende shule yetu vizazi hata vizazi. Lakini naomba tulifikirie. Tukilipitisha, tutakuwa tumeanzisha machifu wetu wadogo hapa Njombe, na mtoto wa Kidugala au wa Ilembula ambaye baba yake hakusoma atasimama nje, kama walivyosimama watoto wa Butiama mwaka 1934 wakati mwenzao akipelekwa Mwisenge. Watoto wetu sisi tunao uwezo wa kuwasomesha. Mimi wa kwangu nitamnunulia godoro mwenyewe.

Nanyi vijana, msimwonee Mwalimu wivu kwa kuzaliwa nyumbani kwa chifu, wala msijione duni kwa kuwa kwenu hakuna jina. Nafasi mliyonayo darasani ni ile aliyoipata yeye kwa nasaba, ninyi mkaipata kwa kuwa raia. Itumieni vizuri, na siku mtakaporudi hapa mkiwa wakubwa, muulizeni mwalimu mkuu ni mtoto gani hana godoro kabla ya kuuliza ni mtoto wa nani.